Risasi ya Nyavu, Risasi ya Bunduki

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili ambavyo lugha nyingi huvitenga. Risasi ni yale madini mazito ya kijivu yaliyomo ndani ya betri ya gari, na risasi ni kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Neno limetoka kwa Waarabu, ambao nao hulitumia vivyo hivyo, na njiani likazaa kosa dogo ambalo kila mtoto wa darasa la kwanza hulibeba mkobani: kalamu ya risasi haina risasi hata chembe. Ndani yake ni grafiti iliyokandwa na udongo.

Wavuvi wa Ziwa Viktoria wana maana yao ya tatu. Kwao risasi ni kile kipande kizito kinachofungwa kwenye kamba ya chini ya wavu, upande huo uzame wakati maboya yanaushikilia upande wa juu. Watu wa pwani hukiita chubwi. Bila uzito huo wavu huelea na kujikunja kama shuka lililoangukia majini, na sangara hupita chini yake bila wasiwasi wowote.

Kitu hicho hununuliwa dukani, lakini pia husubiwa nyumbani, na kazi yenyewe ni rahisi kuliko mtu anavyodhani. Chuma huyeyuka kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,500, na ndiyo maana wahunzi Warongo wa upande wa Geita na Buzinza, waliowafulia Wasukuma majembe kwa vizazi vingi, walihitaji tanuri, mivukuto na siku nzima ya jasho. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu. Jiko la mkaa linatosha. Mtu huweka sufuria kuukuu motoni, hutupia vipande vya betri iliyokufa, huengua uchafu unaoelea juu, kisha humimina yale maji ya fedha kwenye kalibu, ambayo yaweza kuwa kifereji kilichochorwa mchangani au kipande cha bomba kilichopasuliwa. Yanaganda kabla hajamaliza kujifuta uso.

Betri hazikosekani. Pikipiki zinazo, magari yanayo, mitambo midogo ya umeme wa jua inazo. Hata uvuvi wa dagaa, ambao zamani uliongozwa na mwanga wa karabai za mafuta ya taa, leo kwa sehemu kubwa unatumia taa za betri. Betri iliyovuta dagaa juu ya maji kwa misimu kadhaa yaweza kumaliza maisha yake ikiuvuta wavu chini.

Ng'ambo ya bahari, hasa Marekani, kuna watu wengi wanaofanya kazi hiyo hiyo kwa vyombo nadhifu zaidi, nao hawasubu chubwi. Husubu vichwa vya risasi za bunduki zao wenyewe. Hukaa gerejini Jumamosi wakiwa na chungu cha umeme, kalibu ya alumini yenye vishimo sita, na ndoo ya vipande vya risasi vilivyokuwa vikifungwa kwenye ringi za magari ili tairi lisiyumbe. Kwa wengine ni njia ya kupunguza gharama ya kulenga shabaha. Kwa wengi ni mapenzi tu, kama mwingine anavyopenda kufuga njiwa. Katika miaka ya karibuni wamezoea jambo ambalo babu zao wangelicheka: vichwa vyao vya risasi hutoka gerejini vikiwa vyekundu, kijani au bluu, ving'aavyo kama pipi. Vingine vimevishwa kitakoni kikombe kidogo cha shaba. Ili kuelewa kwa nini mtu apake rangi kitu kinachokwenda kugonga ukuta wa udongo, lazima kwanza kuijua tabia moja ya madini haya.

Risasi inapaka. Ukiikwaruza kwa ukucha, ukucha unaacha alama. Ukiipitisha kwenye karatasi, inaandika, na kweli iliwahi kutumika kuandikia kabla grafiti haijajulikana. Jina la kalamu si la bahati mbaya kabisa. Ukiishika kwa dakika mbili, viganja vinakuwa vyeusi. Ulaini huo ndio uliomfanya mwanadamu aipende, kwa kuwa inayeyuka upesi, inajaa kalibu vizuri na ni nzito sana, mara 11 ya maji ya ujazo huo huo. Ndani ya bunduki, ulaini huo huo ni balaa.

Mtutu wa bunduki ya leo hauko laini kama bomba. Ndani umechongwa mifereji inayozunguka kama nyuzi za parafujo, na kazi yake ni kukizungusha kichwa cha risasi ili kiende sawa hewani kama pia. Kichwa hupita hapo kikiwa kimebanwa, kwa kasi kubwa, huku nyuma yake kuna gesi ya baruti yenye joto linaloweza kuyeyusha risasi mara nyingi. Gesi ikipata upenyo pembeni, huunguza kitako na kuchonga ubavu. Kinachobanduka hunata kwenye mifereji. Baada ya milio kadhaa mifereji imejaa utando wa kijivu, vichwa havizunguki tena inavyopasa, na mlengaji aliyekuwa akigonga katikati ya shabaha anaanza kuikosa karatasi yote.

Tatizo hili si geni kwenye Ziwa Viktoria. Februari 27, 1875, msafiri Henry Morton Stanley alifika Kageyi, kwenye ufuko wa Usukuma mashariki ya Mwanza ya leo, akiwa na mashua yake Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani na wapagazi. Alilizunguka ziwa, akagombana na watu wa kisiwa cha Bumbire, na mwezi Agosti mwaka huo akarudi kisiwani na bunduki za aina ya Snider kulipiza kisasi. Watu wengi waliuawa ufukoni wakiwa na mishale na mawe, na habari ilipofika Uingereza ilizua lawama kubwa.

Kichwa cha risasi ya Snider kilikuwa bonge la risasi laini lenye gramu 31 hivi. Waliokitengeneza walijua vizuri kwamba kingepaka mtutu, kwa hiyo walifanya mambo mawili. Ubavuni walikipaka nta ya nyuki. Kitakoni walichimba tundu na kulijaza kizibo cha udongo uliookwa. Baruti ilipolipuka, kizibo kilisukumwa ndani, kikatanua kingo za kitako na kuziba upenyo wote, gesi isipite. Kile kikombe cha shaba cha gerejini Marekani ni ndugu wa mbali wa kizibo hicho cha udongo.

Nta yenyewe ingeweza kutoka Tabora, ambako nyuki hawajawahi kuadimika. Risasi haikuwa hivyo. Bunduki ziliingia bara kwa wingi wa kutisha, na mwaka 1888 mwakilishi wa Uingereza Zanzibar alikadiria kuwa kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa magobore, yaani bunduki za kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, na ndizo zilizobebwa na rugaruga, wapiganaji wa Mtemi Mirambo wa Urambo. Gobore halina mifereji. Linameza chochote, na watu wakalilisha chochote: vipande vya chuma kilichofuliwa, vipande vya waya wa shaba, vijiwe. Desturi hiyo haijafa. Hadi leo polisi wanapokamata gobore la jangili, mara nyingi pembeni yake kuna gololi na vipande vya nondo. Chuma hakipaki. Lakini hakizibi upenyo pia, na ndiyo sababu mtu wa gobore lazima amkaribie sana mnyama, au adui, kuliko mtu mwenye akili timamu anavyopenda.

Wajerumani walikuja na dawa nyingine: karatasi. Bunduki waliyowapa askari wao katika koloni hili ilikuwa Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11, inayofyatua mara moja na kupakiwa tena. Kichwa chake kilikuwa risasi ya gramu 25, na ubavu wake ulizungushiwa karatasi, kama mtu anavyosokota sigara, ili madini yasigusane na mtutu. Karatasi ilipita na kichwa, ikachanika mdomoni mwa bunduki na kuanguka. Ni ufundi wa kupendeza, ukisahau ulikotumika. Mwaka 1905 wapiganaji wa Maji Maji walisimama mbele ya silaha za jeshi hilo wakiamini kwamba dawa ya Kinjikitile wa Ngarambe ingegeuza risasi kuwa maji. Risasi hugeuka maji kweli, lakini kwenye nyuzi 327, na hakuna mwili wa mtu wenye joto hilo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipolifikia ziwa, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani bado zilikuwa na bunduki hizo za zamani. Baruti yao nyeusi ilitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali pa kulenga. Juni 1915 Waingereza walivuka maji na kuivamia Bukoba, miongoni mwao akiwamo Frederick Selous, mwindaji mashuhuri aliyekuwa amevuka miaka 60. Selous alikuwa ameanza kuwinda tembo na bunduki za kushindilia, zilizotupa tufe la risasi la robo ratili kila mlio. Mwanza yenyewe ilitekwa Julai 14, 1916.

Kufikia wakati huo mataifa makubwa yalikuwa yameshaihama risasi tupu. Baruti isiyo na moshi, iliyoanza kutumika Ufaransa mwaka 1886, ilisukuma kichwa kwa kasi ya mita 600 kwa sekunde na zaidi, na kwa kasi hiyo nta na karatasi hazikufua dafu. Eduard Rubin wa Uswisi alikuwa tayari ameonyesha njia: ivishe risasi koti zima la shaba. Risasi karibu zote za bunduki za kijeshi unazozisikia leo zina koti la madini magumu zaidi.

Msubu wa nyumbani hana kiwanda cha kushona makoti ya shaba. Yuko katikati, kati ya Snider na Rubin, na hapo ndipo kikombe cha kitako na rangi ya unga vinapoingia.

Kikombe kwanza. Jina lake la Kiingereza linamaanisha kizuia gesi, na ndivyo kilivyo: kijibakuli cha shaba chembamba, kipana kadiri ya kitako chenyewe, kinachovishwa na kubanwa hapo baada ya kichwa kutoka kwenye kalibu. Kinafanya kazi mbili. Kinapokea moto wa gesi ambao ungeyeyusha kingo za kitako, na kinakwangua utando unaoachwa mtutuni na kichwa kilichotangulia, kama mpira wa kufutia kioo cha gari. Kwa bastola ya kasi ndogo ni anasa. Kwa bunduki ndefu, ambako kasi inapanda, wasubu wengi huona bila hicho ni kupoteza baruti.

Rangi ndiyo yenye mvuto. Si rangi ya maji wala ya mafuta. Ni unga mkavu wa plastiki, laini kama poda ya mtoto, na wakazi wa Mwanza wanaufahamu bila kujua. Fremu za alumini, nyeupe au kahawia, zinazofungwa kwenye nyumba mpya za Nyegezi na Buswelu, mara nyingi zimepakwa kwa njia hiyo kiwandani kabla ya kufika dukani. Kiwandani unga hupulizwa na mashine yenye chaji ya umeme, na chaji hiyo huufanya unase kwenye madini. Gerejini hakuna mashine. Vichwa vya risasi hutiwa kwenye kopo la plastiki pamoja na kijiko cha unga, kopo likatikiswa kwa nguvu, na msuguano wenyewe unazalisha umeme wa kutosha. Mtoto aliyewahi kusugua rula kwenye nywele na kuinua nayo vipande vya karatasi ameshaiona fizikia yote ya jambo hili.

Kisha huokwa. Joto ni nyuzi 200 hivi, kwa dakika 20. Unga unalainika, unatandaa, halafu chembe zake zinashikana moja kwa moja na kuwa ngozi ngumu isiyoyeyuka tena. Hapo ndipo rangi hii inapotofautiana na mfuko wa plastiki, ambao ukiupasha unalainika kila mara. Yenyewe ni kama ugali: ukishaiva haurudi kuwa unga. Nafasi ya kukosea si kubwa. Risasi safi ina nyuzi 327 kabla ya kuyeyuka, lakini wasubu huichanganya na stani na antimoni ili iwe ngumu, na mchanganyiko huo huanza kulegea mapema zaidi, karibu na nyuzi 240. Oveni mbovu inayopanda joto yenyewe imewahi kumrudishia mtu bonge moja badala ya vichwa mia.

Antimoni, kwa njia, si mgeni wa Waswahili. Ndiyo wanja wa manga. Wanja wa kale wa nchi za Mashariki ulisagwa kutokana na mawe ya antimoni au ya risasi yenyewe, na mpaka leo baadhi ya wanja unaouzwa duniani hukutwa na risasi ukipimwa. Madini mawili yanayokutana ndani ya chungu cha msubu yalishakutana zamani kwenye kope za bibi harusi.

Kichwa kilichopakwa rangi kina ngozi ya sehemu chache tu za mia za milimita, lakini inatosha. Risasi haigusani na mtutu. Hakuna mafuta wala nta ya kuungua, kwa hiyo moshi umepungua. Viganja havichafuki. Wasubu wenye tahadhari husema kwa haki kwamba rangi haimalizi sumu yote, kwa sababu fataki, kile kidude kinachowasha baruti, kwa kawaida nacho kina kiungo cha risasi kinachopeperuka kila mlio. Katika kumbi za kulengea zilizofungwa hilo ni tatizo linalojitegemea. Tena chungu cha kuyeyushia kiko pale pale. Rangi huja baada ya mtu kumaliza kuvuta hewa ya gereji.

Kwa msomaji wa Tanzania jambo moja lisemwe wazi, na halihitaji maneno mengi. Haya hayafanywi hapa. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi haimruhusu mtu asiye na leseni kutengeneza risasi, awe na kibali cha kumiliki bunduki au asiwe nacho. Risasi za nchi hutengenezwa na Shirika la Mzinga, Morogoro. Yanayofanywa hapa ni ya upande wa pili wa neno, upande wa nyavu, na huko hakuna kikombe cha shaba wala rangi ya unga. Kuna mikono mitupu.

Na mwili wa binadamu ndio mtutu ambao risasi huupaka bila kutoka. Hauna kazi nayo hata kidogo, lakini unaifananisha na kalisi na kuihifadhi mifupani, ambako hukaa miongo ya miaka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Mtu mzima huweza kuishi nayo kwa maumivu ya tumbo, presha ya kupanda na figo zinazochoka taratibu, akidhani ni uzee. Mtoto ni habari nyingine. Tumbo la mtoto hufyonza sehemu kubwa zaidi ya kile anachomeza kuliko la mtu mzima, na zaidi akiwa na upungufu wa madini ya chuma, na kinachoathirika kwanza ni ubongo unaokua. Haonekani mgonjwa. Anaonekana mzito darasani.

Mfano wa karibu uko Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007 ukutani mwa nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mtoto wake mchanga aliyekuwa akiugua bila sababu inayojulikana alikuwa na sumu ya risasi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Omido alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, ikafutwa na Mahakama ya Rufani, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Mtu wa ufukoni anaweza kujibu kwamba kiwanda ni kiwanda, na sufuria moja kwa mwezi si kitu. Watafiti waliopima damu za watoto wa Cartagena, Colombia, mji wa bandari usio na tofauti kubwa na miji yetu ya maji, walikuta hali mbaya zaidi mahali ambako familia za wavuvi husubu chubwi zao nyumbani. Hakukuwa na kiwanda. Kulikuwa na jiko, kalibu, na watoto wanaocheza karibu.

Mvuke ndio unaoogopwa na wengi, lakini risasi haitoi mvuke mwingi mpaka moto uzidi sana, kufikia nyuzi 500 hivi. Adui mkubwa ni vumbi. Ule uchafu wa juu unaoenguliwa na kutupwa kando ya jiko ni unga wa risasi iliyoungua na hewa, mwepesi, wa kijivu cha njano, na kuku huudonoa na mtoto huukanyaga. Nguo ya msubu huubeba hadi kitandani. Sufuria ndiyo hatari inayojificha vizuri kuliko zote, kwa kuwa sufuria kuukuu katika nyumba ya kawaida ina tabia ya kurudi jikoni siku wageni wakizidi. Kisha kuna maji. Tone moja la maji likizama ndani ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha risasi yote usoni mwa mtu. Wasubu wa Marekani huogopa jasho la paji la uso. Mvuvi anamimina kwenye mchanga wa ufukoni, ambao chini ya vidole viwili daima una unyevu.

Uingereza ilipiga marufuku chubwi ndogo za risasi za wavuvi wa ndoano mwaka 1987. Sababu yao ilikuwa batamaji. Ndege hawa humeza vijiwe ili kusagia chakula tumboni, na walikuwa wakiokota chubwi zilizopotea mtoni wakidhani ni vijiwe, wakafa. Nchi nyingi zimekataza marisau ya risasi kuwindia ndege wa majini kwa sababu hiyo hiyo. Marekani ilifanya hivyo mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya umekataza matumizi yake kwenye ardhi oevu tangu 2023. Tanzania nayo imo katika mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ndege wa majini wahamao kati ya Afrika, Ulaya na Asia, ambao unataka marisau hayo yaachwe kwenye ardhi oevu.

Cha ajabu ni kwamba rangi ya unga huko Marekani ni chombo cha wavuvi pia. Wavuvi wa ndoano hupasha vichwa vya risasi vilivyosubiwa kuzunguka ndoano, huvichovya kwenye unga wa rangi, na huvioka vikawa vyekundu au vya manjano ili samaki avione. Wanafanya hivyo kwa ajili ya macho ya samaki. Faida ya mikono imekuja kama nyongeza. Hakuna kinachozuia jambo hilo kufanyika Mwanza, ambako mafundi wa madirisha wanajua kabisa unga huo ni nini, isipokuwa kwamba chubwi ya wavu husuguana na mwamba na mbao za mtumbwi usiku kucha, na ngozi ya plastiki haina umri mrefu mahali hapo.

Lililo rahisi zaidi lipo tangu zamani. Nyavu nyingi za ziwa hili hazijawahi kuona risasi. Mwanza ni mji wa mawe. Yamerundikana juu ya vilima, yamejitokeza majini kama Jiwe la Bismarck, na ufukoni yamo ya kila ukubwa. Mvuvi huchagua lenye kiuno, lile lililobanwa katikati kwa asili, ili kamba isiteleze. Hulifunga mizunguko miwili na fundo moja. Likikatika usiku katikati ya maji ya Ukerewe, asubuhi huokota lingine hatua tano kutoka mtumbwini.